Profesa Apige Hodi Wapi?

Hebu fikiria chumba cha usaili katika chuo kimoja hapa Unguja. Tunatafuta profesa mzoefu wa sayansi ya ubongo, aje aongoze utafiti wa afya ya akili. Mimi, mwalimu mstaafu, nimekaa karibu na mama mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, aliyealikwa kwa niaba ya familia za wagonjwa.

Wataalamu wa jopo walimuuliza profesa aliyeomba kazi hiyo kuhusu maabara na makala. Profesa alijibu yote kwa utulivu. Mwisho, mwenyekiti akamgeukia mama. "Bi, una suali?"

Mama akavuta ushungi wake. "Profesa, binti yangu anaumwa mwaka wa sita huu. Kila tabibu nampitisha mlango wa uani, majirani wasijue. Wewe ukija, utapita wapi?"

Profesa akafunga faili. "Utakaponielekeza wewe, Bi. Lakini mimi ningependa kupiga hodi mbele, kama wageni wengine. Na yeye anapenda nini, nimchukulie?"

Mama akauachia ushungi wake. "Halua," akasema. "Pita mbele."

Mwenyekiti akakohoa. "Bi, bado hatujamwajiri."

"Nyinyi hamjamwajiri. Mimi nshamwajiri."

Tulicheka kidogo, kisha tukainamia fomu zetu za alama. Hazikuwa na nafasi ya kuandika jibu lile.

Msomaji wangu, anayeumwa mguu tunamwendea na machungwa mkononi. Anayeumwa akili tunamwendea mikono mitupu, kama tunamwendea. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: naye ni mgonjwa wa kwenda kutazamwa kama wengine.