Sanda ya Nane

Barua iliyotutoa Kariakoo ilikuja mwanzoni mwa masika. Ilisema kiwanja chetu kimepangiwa ghala, tumepewa kingine Magomeni, na makaburi yaliyomo uani yahamishwe kabla nyumba haijavunjwa. Baba aliisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni, kisha akampelekea Bibi, mama yake. Bibi hakujua kusoma. Aliishika kwa muda, akairudisha.

Nyumba ile ilijengwa na babu yake Bibi, wakati pale penye soko palikuwa na minazi na vichaka tu. Alitoka Kilwa na wake zake wawili, akafyeka, akachimba kisima. Mtaa ulikuja baadaye ukampitia mlangoni. Waliokufa walizikwa nyuma ya nyumba, kati ya kisima na jiko, makaburi saba yaliyozungushiwa mawe ya matumbawe. Kamba yetu ya kuanikia nguo ilipita juu yake na hakuna mtoto aliyeyaogopa. Kilwa tulibaki na ndugu wachache, na mmoja tulimwita Bibi wa Kilwa, mdogo wake Bibi, aliyepelekwa huko angali mtoto. Sisi hatukuwahi kumwona. Kila msafiri wa kusini alipewa salamu za kumpelekea.

Mimi nilichokiogopa ni chumba cha Bibi. Kilikuwa cha mwisho kwenye korido, na ndicho pekee kisicho na saruji. Baba alipopata mifuko michache, vyumba vyote vilisakafiwa, Bibi akakataa chake kisiguswe. Kitanda chake hakikuhamishwa hata siku moja, miguu imesimama ndani ya makopo ya mafuta ya taa kwa ajili ya siafu, na chini yake alifagia yeye mwenyewe.

Chumba kilichopakana na chake tulimpangisha mwenye duka mmoja kutoka Kilimanjaro, Mkristo, na mkewe. Huyo mke ndiye aliyenifungua masikio. Tulikuwa kwenye foleni ya unga, akanisogelea.

"Dada, alasiri huwa mnapata mgeni gani?"

Nikamwambia hatuna mgeni.

"Bibi huwa anaitikia shikamoo," akasema. "Kila siku, watu wakiwa wamejipumzisha. Yeye namsikia anasema marahaba. Anayemwamkia simsikii."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mpiga chapa katika ofisi moja mjini, na alasiri za kazi sikuwapo nyumbani. Jumamosi iliyofuata nikachukua ungo wa mchele, nikakaa koridoni karibu na mlango wake. Mvua ilikuwa imekatika, nyumba nzima kimya, maji yanadondoka tu kutoka kwenye bati.

"Marahaba," akasema Bibi ndani, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemjibu mtoto aliyetoka chuo cha Korani. Kukapita muda ambao mtu angeweza kusema maneno matano au sita. Kisha akasema, "Bado kidogo."

Nikasukuma mlango. Alikuwa peke yake, amekaa ukingoni mwa kitanda, dirisha limefungwa, macho sakafuni. Akaniuliza kama mchele nimemaliza kuuchambua. Nikasema bado, nikarudi kukaa, na mchele nikaumwaga.

Mwalimu wa msikiti wetu alimwambia Baba kuwa kwa dharura kama hiyo inaruhusiwa kuwahamisha waliozikwa, ila kila mmoja afungwe katika nguo yake mpya. Miaka ile nguo ilikuwa adimu hata kwa walio hai. Bafta ya sanda ilitolewa kwa kibali, na kibali kilitaka barua yenye sahihi ya balozi wa nyumba kumi. Baba akaniagiza niiandike. Nilikuwa naiandika kwa mkono kwanza ili nikaichape ofisini, Bibi akaja akasimama nyuma yangu.

"Umeandika wangapi?"

"Saba, Bibi."

"Andika wanane."

Nikamkumbusha kuwa makaburi ni saba.

"Kuhesabu najua, mjukuu wangu. Andika wanane."

Nilidhani anajiwekea sanda yake mwenyewe. Wazo hilo lilinikaa vibaya, sikumwambia mtu. Nikachapa wanane. Baba akatia sahihi bila kusoma, balozi naye hivyo hivyo. Karani wa vibali ndiye aliyesita. Aliuliza kama wote wanane wamekufa siku moja. Nikamweleza kuwa walikufa zamani, wengine kabla hata ya vita vya kwanza. Alinitazama sana, kisha akagonga mhuri.

Tulikata bafta ukumbini, mimi, mama na shangazi. Vipande saba tulikata sisi. Cha nane Bibi alikichukua mkononi mwetu akakikata mwenyewe, kifupi, hakikufika hata nusu ya vingine. Hapo nikajua si chake.

Wachimbaji walikuja asubuhi ya Jumapili. Baba alikuwa nao, na mwalimu akisoma kwa sauti ya chini. Sisi wanawake tulikaa koridoni. Waliozikwa walitolewa mmoja mmoja, wengine mifupa, wengine meno machache tu na udongo mweusi. Kabla ya adhuhuri mafungu saba meupe yalikuwa yamepangwa kwenye jamvi. Mwalimu akaona kipande kilichobaki, akauliza ni cha nani.

Bibi akaniita nimsaidie kuondoa kitanda.

Tulikivuta tukakiegemeza ukutani. Pale kilipokuwa, udongo ulikuwa umepigwa na kulainishwa mpaka unang'aa. Bibi akawaambia wachimbaji wachimbe hapo, wasitumie sururu. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti koridoni, akautazama ukuta.

"Ana shanga kiunoni," akasema. "Nyeupe na buluu. Ziokoteni zote."

Haikupita muda mchimbaji akatoka na kiganja wazi. Zilikuwa nyeupe na buluu. Mke wa mpangaji, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake, akafanya ishara ya msalaba na kuingia ndani.

Bibi alieleza bila kugeuka. Mwaka wa ndui yeye alikuwa na miaka minane na mdogo wake mitano. Watu walikuwa wakisema nyumba itakayopatikana na ndui itachomwa moto. Mtoto alipokufa baba yao hakuthubutu kutoka na maiti. Akamchimbia chumbani, akaweka kitanda juu, na majirani wakaambiwa mtoto amepelekwa Kilwa. Bibi akaapishwa asiseme mpaka siku nyumba itakapovunjwa.

Baba aliketi chini, kwenye saruji. Yeye mwenyewe alikuwa amemtumia salamu Bibi wa Kilwa tangu utoto wake.

"Mama," akasema, "na ule mkeka? Yule nahodha wa jahazi la Kilwa alileta mkeka, akasema umetoka kwake, ameusuka yeye."

"Uliletwa," Bibi akasema. "Niliupeleka msikitini siku ileile, nikautoa sadaka. Aliyeusuka simjui."

Mpaka leo hatumjui.

Alasiri hiyo wanaume waliyapakia mafungu kwenye lori kwenda makaburini upande wa Magomeni. Kwenye bonde la Jangwani maji yalikuwa yamefunika barabara, na katikati ya maji injini ikazima. Wakashuka, maji mapajani, kila mtu na fungu lake kichwani. Baba alichukua lile dogo. Alikuwa mtu wa bandarini, ameshusha shehena miaka ishirini, uzito wa kitu aliujua kwa kukigusa tu. Alirudi magharibi, nguo zimeganda tope, akakaa mbele ya Bibi na kumweleza kwa shida. Alisema kile alichokipokea kwenye lori kilikuwa chepesi kama kanga iliyokunjwa. Katikati ya maji kikawa kizito. Kizito kama mtoto aliyelala begani, kinapumua au yeye ndiye aliyekuwa anapumua, hakujua. Mara mbili alitaka kuomba asaidiwe, akaona aibu.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwa mzito tangu mdogo," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nambeba."

Kisha akamwambia Baba akaoge, akamtengea chakula. Tulihamia Magomeni kabla mvua hazijaisha. Bibi aliishi nasi huko miaka minne, na alasiri alilala usingizi mzito, mlango wazi.