Kumtafuta Babu Kwenye Vifo vya Kaunti

Mtoto wa dada yangu alikaa miezi mingi bila jina. La kanisani alikuwa nalo, hilo halikuleta shida. Lililokwama ni jina la ukoo, na aliyelikwamisha ni mama yangu. Aliota baba yake amesimama mlangoni, kofia mkononi, hasemi neno. Kwetu magharibi mwa Kenya ndoto ya namna hiyo ina maana moja tu: marehemu anaomba jina. Taabu ni kwamba hakuna aliyejua kama babu ni marehemu. Alitoka nyumbani kwenda kutafuta kazi mama akiwa darasa la nne, akaandika barua mwaka wa kwanza, kisha kimya. Na katika ukoo wetu mtoto haitwi jina la mtu aliye hai. Kufanya hivyo ni kumwitia kifo.

Kazi ya kumtafuta nilipewa mimi kwa sababu nilikuwa Dubai. Nyumbani waliamini kwamba mtu aliye Dubai ana kompyuta, ana intaneti, na hana la kufanya. Mawili ya kwanza yalikuwa na ukweli kiasi. Nilikuwa karani wa ghala katika karakana ya milango na makabati huko Al Quoz, na meneja, tuliyemwita sir, aliniruhusu kutumia kompyuta ya ofisi saa ya chakula mradi punje za wali zisiingie kwenye kibodi. Basi misumeno ikishazimwa na vumbi la mbao likishatulia, nilikula wali na dengu huku nikisoma vifo.

Nilianza na kaunti yetu. Ofisi ya usajili wa vizazi na vifo haikujibu barua pepe, nikamtuma binamu aende mwenyewe. Alirudi na jibu kwamba rekodi hutafutwa kwa tarehe ya kifo na mahali pa kifo. Ningekuwa na hivyo viwili ningewasumbua kwa lipi? Aliambiwa pia kwamba mzee akifia nyumbani, naibu wa chifu ndiye humwandika anapotoa kibali cha mazishi, na kama jamaa walizika bila kibali, kama wengi walivyofanya zamani, basi serikali haina habari kwamba mtu huyo alikufa. Nilimwomba ajaribu kaunti jirani. Alienda, akarudi mikono mitupu, akaniambia nisimtume tena.

Nikahamia kwenye matangazo ya vifo ya magazeti. Mwenzangu wa chumbani, dereva wa kampuni, Mtanzania wa Tanga aliyekuwa akipeleka rafu zetu kwa wenye maduka ya Al Ras, aliliona jambo hili kama kichekesho. Kwao, alisema, vifo vilisomwa redioni, na msomaji akawataja jamaa waliotakiwa kufikiwa na habari hizo, mmoja mmoja na mji wake. Picha ya rangi gazetini aliihesabu kuwa ni makuu ya Wakenya. Nilipomweleza suala la jina alishangaa zaidi.

"Kwetu siku ya saba mtoto ana jina lake," alisema, "na babu mwenye jina hilo yupo palepale mkekani anakula pilau. Nyie mnajitafutia kazi tu, kaka."

Nilimwambia siku moja aje ayaseme hayo mbele ya mama yangu.

Tangazo la kifo la Kenya lina taratibu zake, na ukisoma mengi unazizoea. Marehemu anatajwa kwa wazazi wake, kwa mwenzi wake wa ndoa, kwa watoto, kwa wakwe, na kila aliyetangulia huwekewa neno marehemu mbele ya jina lake. Hapo hawakosei, maana ukimwandika mtu aliye hai kuwa amekufa utajibu kwa ukoo mzima. Kwa mpangilio wa majina unajua pia waliokosana. Mke wa pili husukumwa mwishoni. Mtoto fulani hatajwi kabisa, na wasomaji wote wanaomjua wanaliona pengo lake. Sikuwa na huzuni nikiyasoma hayo. Niliyasoma kama ninavyosoma bei za mbao.

Babu nilimpata katika tangazo la mtu mwingine. Lilikuwa la bibi mmoja wa Kitale, la mwaka uliotangulia: binti wa marehemu fulani na marehemu fulani, dada wa marehemu wawili, mke wa babu yangu. Majina matatu ya babu yalikuwepo, na kijiji alikotokea, ambacho ndicho kijiji chetu. Mbele ya jina lake hapakuwa na kitu.

Nilisahau chakula. Miezi yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kumtafuta kwa walio hai. Mama alikwisha kumwona ndotoni, na sisi ndoto tunaiheshimu kuliko tunavyomheshimu chifu. Tuliwasumbua makarani wa kaunti mbili watutafutie kifo cha mtu ambaye hajafa.

Chini ya tangazo palikuwa na namba ya mweka hazina wa kamati ya mazishi. Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, nilinunua kadi ya simu, kwa kuwa kupiga kwa intaneti kulifungwa, nikaenda kusimama kivulini nyuma ya bweni. Aliyepokea alikuwa mtoto wa babu kwa mke huyo wa Kitale, yaani mjomba wangu. Nilijitambulisha kuwa ni mtoto wa binti wa mke wa kwanza. Akaniita mpwa, kwa adabu, akasema mzee yupo nje anaota jua, atampelekea simu.

Nilisikia kuku, halafu watu wawili wakizungumza lugha yetu. Sauti ya mzee ilikuwa nzito, haina dalili ya ugonjwa. Aliuliza ni binti yupi. Akatajiwa. Aliuliza anataka nini. Hapo, nakiri, kwa muda mfupi nilitaka sana aniulize mimi. Kisha mjomba akarudi.

"Anasema ni sawa."

"Sawa nini, mjomba?"

"Amesikia. Anasema anajua ana watoto huko. Simu hataki."

Mjomba aliona aibu. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba kutoka kwao hadi kwetu mtu akiondoka asubuhi anakula chakula cha mchana kwetu. Nilimshukuru nikakata. Nilikuwa na hasira na mtu ambaye sikuwahi kumwona, na sikujua niipeleke wapi.

Chumbani dereva aliniuliza, "Khalas, kazi imekwisha, umempata?" Nikamwambia nimempata, yu mzima. Alifurahi kwa dhati, akaanza kunipa hongera, halafu akanitazama usoni na kuacha.

Nilimtumia mama ujumbe wa sauti kwa simu ya dada. Nilieleza kila kitu kwa mpangilio, na lile neno la mwisho sikulificha. Siku zikapita. Alipojibu, aliuliza jambo moja tu, kama nilimsikia babu kwa masikio yangu. Nikasema ndiyo. Jibu lake lilikuja jioni hiyohiyo, kwa sauti anayotumia kuagiza chumvi.

"Mwambie dada yako mtoto aitwe jina la babu yenu. Aliyenijia usingizini ndiye baba yangu. Huyo wa Kitale mimi simjui."

Dada aliogopa. Aliniandikia kando kuniuliza kama mama anaelewa analolifanya, kwamba huku ni kumwitia mzee kifo. Nilimjibu kwamba anaelewa vizuri kuliko sisi.

Walimpa mtoto jina hilo Jumamosi, jogoo akachinjwa. Dada alisema mama alimpakata, akalitamka jina, kisha akaanza kulia kile kilio cha msibani, cha kumtaja mtu na sifa zake, mpaka majirani wakaja mbio kuuliza nani amefariki. Akawatajia baba yake. Wakaketi wakalia naye, wakapewa chai. Huko Kitale mzee alikuwa hai, na hakuna aliyepiga simu kumwambia.