Nusu Saa ya Ijumaa na Kompyuta Inayounguruma

Dada yangu anafanya kazi za ndani Uarabuni, na bibi anayemtumikia humwachia simu nusu saa tu kila Ijumaa, baada ya sala. Mama ana mtoto wa jicho. Kwenye kioo cha simu haoni ila ukungu, kwa hivyo nusu saa hiyo ilitegemea kioo kikubwa cha kompyuta yangu, na kompyuta ilinitegemea mimi. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Maana mimi si mtu wa kompyuta hivi hivi. Mimi ni mtu wa Linux, mfumo wa kompyuta wanaoutumia wachache, na pale Msambweni hakuna aliyekaa nami dakika tano asilijue hilo. Hata kuizima nilikuwa siizimi. Umeme wetu hukatika unavyotaka, basi nilikuwa nailaza usingizi mzito: kila nilichokifungua kinahifadhiwa kwenye diski, mashine inazimika kabisa, na siku nikiiwasha inaendelea pale pale ilipoachia. Nimelieleza jambo hili harusini, matangani, na kwenye foleni ya hospitali, kwa watu waliokuja na homa zao.

Ijumaa ya kwanza niliiamsha baada ya siku mbili. Feni ikaunguruma kama kinu cha kusagia mahindi. Dada akatokea vipande vipande, macho huku, mdomo kule, sauti ikichelewa. Nikafungua orodha ya programu zinazoendelea, nikaona prosesa, ubongo wa kompyuta, imeshikwa yote, haina nafasi ya kupumua.

"Mwanangu, si uizime kisha uiwashe?" Mama akasema.

"La, mama. Nikiizima nitapoteza ushahidi."

Naona haya kuliandika neno hilo. Ushahidi! Kama kwamba kuna hakimu aliyekuwa akiungoja. Nusu saa nzima nikapekua: nikashuku kiendeshi cha WiFi, nikashuku kadi ya picha, nikaishuku hata diski, maskini, isiyo na kosa lolote. Mama ameinama, pua karibu iguse kioo, anamwita binti yake asiyesikia. Simu ikakatika. Ndipo nikaizima kompyuta, nikaiwasha upya, ikatulia tuli.

Wiki ile nikauliza kwenye jukwaa la wataalamu mtandaoni. Mmoja akaniambia nisome mwongozo. Wa pili akasema kwake yeye hakuna tatizo, habari njema sana kwake. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Ukunda, mtu wa bara, ambaye hata hakuifungua.

"Buda, hii Linux ni stress tu," akasema. "Wacha nikuwekee ile ya kila mtu, uende home."

Nikaibeba kompyuta yangu nikaondoka bila kuaga. Mimi na kila mtu, wapi na wapi?

Mtu mwenye akili timamu, Ijumaa ya pili, angeiwasha upya asubuhi na mapema. Mimi niliilaza Jumatano kwa makusudi, ili kosa lijirudie nilinase. Likajirudia. Sikulinasa. Mama aliondoka kabla nusu saa haijaisha, akaenda kukuna nazi, na siku hiyo hakunisemesha tena.

Kimya chake ndicho kilichonirudisha kwenye orodha ile, safari hii bila kiburi. Programu iliyokuwa juu kabisa, Ijumaa zote mbili, ilikuwa nimeiandika mimi mwenyewe. Niliiruka kwa sababu niliijua. Kazi yake ni kuadhini nyakati za sala. Msikiti uko hatua hamsini kutoka mlangoni kwetu, na kipaza sauti chake nadhani hata kisiwani Chale kinasikika, lakini mimi niliona Waislamu wa nyumbani kwetu wanahitaji programu. Nami niliiamuru mambo mawili: isiadhini wakati ukishapita, na isisonge mbele kabla haijaadhini. Kompyuta ikilala siku mbili, ikiamka inakuta sala kama kumi zimeipita. Kuadhini haiwezi, kuendelea haiwezi. Basi inazunguka papo hapo, mara maelfu kwa sekunde, mpaka inatoa joto.

Nilimweleza mama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Imefanana na mwenyewe," akasema.

Nikaisahihisha kwa mistari miwili. Ijumaa ya tatu niliiamsha tena baada ya siku mbili, na feni haikusikika. Picha ilikuwa safi, nami nikajivuna, nikamsogezea mama kiti mbele kama bwana harusi anayekaribisha wageni. Dada akatokea mzima mzima, akacheka.

Mama hakucheka. Alisogeza pua hadi karibu na kioo.

"Mbona mifupa ya shingo imekutoka? Na hapo shavuni pana nini?"

"Si kitu, mama. Ni hiyo kompyuta yenu. Inanionyesha vibaya."

Mama akanigeukia. "Imepona, au haijapona?"

Dada alikuwa akinitazama kutoka kiooni, hapepesi macho. Ningeweza kuhesabu nyuzi za mtandio wake. Tangu niijue Linux sijapata kuisema vibaya mbele ya mtu.

"Bado, mama," nikasema. "Bado ina matatizo."

Mama akakirudia kioo, akakishika kwa mikono miwili.

"Rudi nyumbani, mwanangu," akamwambia.