Nyota Yenye Mkia Juu ya Tembe Letu

Harufu ya jivu lililomwagiwa maji hunirudisha Dodoma, katika tembe la wazazi wangu, miezi ile Wadachi walipokuwa wakijenga reli na nyota yenye mkia ikawa inaonekana magharibi kila jua lilipozama. Mkia wake ulikuwa mrefu, mweupe kama maziwa yaliyomwagika juu ya ngozi nyeusi.

Nilikuwa na kama miaka saba. Mama alikuwa amejifungua mtoto wa kiume kabla ya miezi kutimia. Tulimwita Ndahani. Alikuwa mdogo hata Baba aliweza kumbeba kwa kiganja kimoja, na mkunga alikuwa ameacha agizo moja tu: moto usizimike chumbani. Ilikuwa kipupwe, na upepo wa Ugogo wakati huo huingia hata pasipo na tundu.

Baba alibeba mawe ya tuta la reli. Bwana wake, Mdachi mpima ardhi, alipenda nyota. Jioni moja yeye na mkalimani wake, Mzee Salehe, mtu wa mjini, walikuja na kamera ya miguu mitatu wakitafuta mahali pa juu. Wakaona paa letu la udongo, tambarare kama uwanja. Wakapanda.

"Moshi wenu unaziba nyota!" Mzee Salehe alituita kutoka juu. "Funikeni moto kidogo. Na msitembee humo ndani, nyie! Paa likitikisika, Bwana atapata picha ya nyota mbili, kisha tumwambie nini mkewe huko Ulaya?"

Alicheka peke yake.

Mama aliniambia nifunike makaa kwa jivu, kama tulivyofanya kila siku ili moto ulale bila kufa. Lakini moshi uliendelea kupenya, nami nikamwona Baba akitazama dari kwa hofu. Nikachukua kibuyu cha maji, nikakimwaga chote juu ya makaa.

Tukakaa gizani bila kusogea. Kioo cha kamera, nilikuja kujua, kilihitaji muda mrefu kunasa mwanga ule hafifu. Mama alimbana Ndahani kifuani chini ya ngozi ya ng'ombe.

"Waombe moto," alinong'ona. "Wanavuta tumbaku, nasikia harufu. Wana kiberiti."

"Ngoja wamalize," Baba alisema. "Nikimkera Bwana, kesho ni kiboko."

Waliposhuka, Mzee Salehe alituaga kwa furaha. "Mmetulia vizuri, mama. Hata mtoto hakulia!"

Baba alikimbia kwa jirani kuomba kaa la moto. Alfajiri Ndahani alikuwa wa baridi.

Jioni iliyofuata Mama alinishika mkono, akanitoa nje hadi uani, akainyooshea nyota kidole. "Mwizi wewe! Umemchukua mwanangu!" Baba akaitikia nyuma yetu, "Ni nyota. Ni nyota tu." Walifanya hivyo kila jioni mpaka ilipopotea. Majirani, ambao tangu mwanzo waliiita mkosi, walitikisa vichwa kukubali. Nami niliamini. Niliichukia nyota ile, na usiku nililala usingizi mzito.

Nilipozaa mtoto wangu wa kwanza, Mama na Baba wakiwa wameshafariki, ndipo nilipojiuliza kwa nini jioni zile zote hawakutoka kwenda uani bila mimi. Na nikakumbuka kwamba, mpaka wanakufa, hakuna kati yao aliyewahi kuuliza nani alimwaga maji.