Kiti Alichokaa Mama

Gari langu ni jeupe, na mwenye gari jeupe kisiwani hapa amejitakia mwenyewe. Ukienda shamba unarudi na vumbi jekundu, ukienda pwani unarudi na chumvi, na ukilala nyumbani Mpendae kunguru wanakuja kukumalizia. Basi kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijafika ukutani, mimi huwa niko uani na ndoo zangu mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia sponji ili mchanga usirudi kwenye rangi. Naanza juu ya paa, nashuka. Nikishakausha napaka nta, kipande kwa kipande, naifuta kwa kitambaa laini mpaka nauona uso wangu kwenye boneti. Mke wangu huchungulia mlangoni akauliza kama mke mwenzake ameshaoga. Nacheka, lakini siachi.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba Jumamosi ile sikuwa na hasira. Ningekuwa na hasira ningejua pa kuanzia kutubu. Nilikuwa nimefurahi.

Siku ya kabla yake nilikwenda Matemwe kumchukua mama. Mama yangu analima mwani, na macho yake yameingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, apasuliwe, na kabla ya kupasuliwa awe anakuja mjini kupimwa. Kumshawishi kulinitoa jasho. Nilimkuta ndiyo kwanza anapanda kutoka pwani, maana maji yalikuwa yametoka na mwani haungoji daktari. Akabadilisha nguo, akajifunga kanga safi, akaingia mbele pamoja na mfuko wa mwani mbichi aliomletea mke wangu wa kutengenezea sabuni. Mfuko akauweka kitini, baina yake na mlango, akalala njia nzima. Tulipofika alishuka huku akiivuta kanga iliyomgandia kwa nyuma, akasema joto la gari lako hili limenitoa jasho, akaingia ndani kutawadha.

Asubuhi nilipoufungua mlango wa upande wake nikakuta duara kubwa kitini, katikati rangi ya chai, pembeni mstari mweupe wa chumvi. Mfuko ulikuwa umetoboka. Hata uzi mmoja wa mwani ulijibana kwenye mshono wa kiti. Niliuchokoa kwa mswaki mkuukuu nikautupa. Nikapaka povu, nikasugua, nikayanyonya maji kwa taulo, nikarudia tena na tena. Mke wangu akaja mlangoni.

"Mbona leo unaosha ndani kuliko nje?"

Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejiona ana maneno. "Leo sikioshi. Nakitoharisha. Hicho kiti alichokaa mama."

Ningeweza kusema naosha, nasafisha, natakatisha. Lugha yetu haina upungufu wa maneno ya usafi. Lakini nilichagua lile moja ambalo si la uchafu bali la najisi, neno la mkojo na damu, la nguo ambayo mtu hawezi kusalia. Nilililenga shombo la pwani tu, na mke wangu alicheka kwa sababu alinielewa. Nililokuwa silijui ni kwamba mama alikuwa amekaa nyuma ya pazia la dirisha la uani, na tasbihi yake mkononi.

Mchana ule alifua kanga aliyokuja nayo, ingawa mke wangu alimwomba amwachie. Jioni akakataa kukaa kwenye kochi, akasema mkeka unampa nafasi ya kunyoosha miguu. Nilimwona akipunguza chai, anaacha nusu kikombe. Niliyaona yote hayo na sikuyaunganisha. Siku ya kwenda kupimwa alitoka na kipande cha nailoni na kanga kuukuu iliyokunjwa, akatandika kwenye kiti kwanza ndipo akakaa.

"Ya nini hiyo, mama?"

"Basi tu. Kiti chako kisiingie vumbi."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilipendezwa. Nilisema moyoni kwamba laiti abiria wangu wote wangekuwa hivi. Hapo ndipo ninapoumia zaidi, kuliko hata pale pa neno lenyewe. Mzazi wangu alikuwa amekaa juu ya nailoni ndani ya gari langu na mimi nilikuwa natazama jinsi nta inavyong'aa.

Tuliporudi aliniambia hataki tena kupasuliwa. Alisema macho aliyonayo yanamtosha kuuona mwani, na mwani ndio anaouhitaji. Nikabishana naye, nikanuna, nikamwambia daktari ameshampangia siku. Siku hizo nilikuwa nikimwona akimaliza sala, halafu anasimama tena, na tena, mpaka magoti yanamkataa na anamalizia kwa kukaa. Nikamuuliza mke wangu mama anasali sunna gani hizo zisizokwisha.

"Si sunna," alisema. "Analipa."

"Analipa nini?"

"Sala. Leo ndo kaniambia. Anasema ile kanga aliyokuja nayo ilikuwa na najisi, na kasali nayo kutwa. Na hajui tatizo limemwanza lini, basi analipa na za nyuma."

"Najisi ya nini?"

Akanitazama. "Si wewe uliyesema unakitoharisha kiti? Alikuwa dirishani. Anadhani kajikojolea usingizini, na wewe ndo uliyeona."

Nilikaa chini palepale kibarazani. Niliona haya kiasi kwamba nilitamani mtu anitukane. Mwanamke aliyenifundisha kutawadha, aliyekuwa akinivua kaptula kila asubuhi na kuifua bila kumwambia mtu kwamba nimekojoa kitandani, alikuwa anakunywa nusu kikombe cha chai nyumbani kwangu ili asiniharibie kiti.

Nikaenda kwake. Alikuwa kwenye msala bado, amenyoosha miguu. Nikapiga magoti nikamweleza lote: mfuko, tundu, duara, mstari wa chumvi, uzi wa mwani kwenye mshono. Nikamwambia neno lile lilikuwa mzaha wa kipumbavu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanishika mkono.

"Uko wapi huo mwani?"

"Nliutupa, mama."

"Na alama?"

"Nliisugua. Imetoka."

Akatikisa kichwa taratibu, kwa upole. "Mungu akusitiri kama unavyonisitiri."

"Sikusitiri. Ndiyo kweli yenyewe. Muulize mkweo, yeye ndiye aliyeupokea mfuko, ulikuwa mkavu, maji yote yameshavuja."

"Nshamuuliza. Na yeye kasema hivyohivyo. Umeoa vyema."

Nikafungua kinywa kuapa. Akanifunika midomo kwa kiganja chake, kigumu, kilichochanika kwa kamba na chumvi. "Usiape, mwanangu. Maneno ya kumsitiri mzazi huenda Mungu akayasamehe. Kiapo usikichezee."

Nilibaki na ukweli wangu mdomoni, hauna pa kwenda. Kitu pekee ambacho kingenisaidia, ile alama, nilikuwa nimekiondoa kwa mikono yangu, kwa bidii, kwa mswaki na povu, na nilikuwa nimejisifu. Jambo la ajabu ni kwamba baada ya mazungumzo hayo alikubali kupasuliwa. Alisema maadamu mwanawe hamwonei kinyaa, atakwenda. Nailoni lakini alikuja nayo.

Akapasuliwa. Siku waliyomfungua bendeji nilimfuata hospitali, akatoka ameshika mkono wa mke wangu huku anageuza shingo kama mtu aliyehamia nyumba mpya. Alinitazama usoni akasema nimezeeka. Akalitazama gari akasema kumbe jeupe hivi. Nikamfungulia mlango.

Nailoni ilikuwa imetandikwa kama alivyoiacha. Akanyanyua ncha yake, akainama, akakitazama kiti kwa lile jicho lake jipya. Akapitisha kidole juu ya kitambaa, akaufuata mshono mpaka mwisho. Nilisimama nimeshika mlango. Sijawahi kuomba kuona uchafu kwenye gari langu isipokuwa siku ile. Niliomba uwepo uzi mmoja tu, mstari mmoja wa chumvi.

"Ahsante, mwanangu," alisema, akaishusha nailoni, akakaa juu yake. "Umekiosha vizuri. Hapana hata alama."