Makaa Yaliyolala Chini ya Mbuzi

Mume alipoondoka na mwanamke mwingine, alibeba redio, baiskeli na godoro zuri. Shamba hakulibeba, maana shamba halibebeki, na hata lingebebeka asingelitaka. Udongo wake ulikuwa mwekundu na mgumu kama tofali. Jua likiwaka unapasuka, mvua ikinyesha unateleza. Hilo ndilo aliloachiwa mkewe, pamoja na mbuzi wachache na maneno ya ndugu wa mume kwamba mwanamke mwenyewe ndiye hakaliki naye.

Mtaani walimwita Mama Makaa. Kuchoma makaa ndiko kulikolea watoto wake mpaka wakaolewa na kuoa. Shule hakuiona hata dirishani, lakini akinusa moshi tu alijua kama gogo limeiva au bado. Makaa yake yalikuwa makavu na mepesi, ukiyagonga yanalia. Yaliyolowa au kushika matope aliyatupa pembeni, maana mteja akiona uchafu anageuza mgongo. Kwake yeye, makaa safi ndiyo makaa.

Basi mume hajamaliza hata msimu huko alikokwenda, akaja wifi mtu, dada wa mume, anayekaa ng'ambo ya ua na ng'ombe wake. Alikuja na baba mkubwa wa ukoo, wakakalia viti vya Mama Makaa mwenyewe.

"Tunakupa msimu huu," baba mkubwa alisema. "Mahindi yakisimama, kaa. Yasiposimama, shamba linarudi kwa wenyewe."

"Wenyewe ni nani, baba? Miaka yote hii nimelima la nani?"

"Wewe ni mke wa kaka yangu," wifi akadakia. "Na kaka yangu yuko wapi?"

Swali hilo lilimchoma Mama Makaa, maana aliyeulizwa siye aliyekimbia.

Wakati huohuo bwana shamba alitangaza mafunzo kwenye banda la ushirika. Siku ya kwanza alieleza kwamba udongo uliochoka unaweza kusaidiwa kwa makaa ya mabua na magunzi, yaliyochomwa kwa hewa kidogo, yakazimwa kwa maji na kupondwa. Yakiingia ardhini yanashika maji na chakula cha mimea kwa muda mrefu. Wanawake wakaangua kicheko.

"Bwana shamba, mwalimu wako amekaa huku nyuma!"

Mama Makaa alicheka nao, tena kwa raha, maana alikuwa hajasifiwa siku nyingi. Siku ya pili hakwenda. "Nimeanza kuchoma makaa huyu hajaota meno," alijisemea. "Kesho atanifundisha nini, kupuliza moto?"

Akachimba shimo, akachoma, akazima, akaponda. Makaa yalitoka safi, ungeyauza popote. Yakiwa bado mapya kabisa aliyamwaga shamba zima na kuyachanganya na udongo kwa jembe, akapanda.

Palibaki kona moja ya chini, karibu na zizi la mbuzi. Makaa ya kona hiyo yalikuwa yameharibika. Kabla ya kupanda, mvua ililigeuza zizi kuwa tope, akaona huruma, akawatandikia mbuzi makaa wasimame pakavu. Wakayakojolea, wakayanyea, wakayakanyaga wanavyotaka. Alipoyakwangua yalikuwa yananuka mpaka machozi yanamtoka. Akataka kuyatupa, lakini mkono wake haukuzoea kutupa kitu alichokitolea jasho. Akayamwaga pale konani kwa kunung'unika.

Mahindi yakaota vizuri. Halafu, yalipofika magotini, yakaanza kugeuka manjano. Jani la chini kwanza, kisha la juu yake, shamba zima likawa kama lina homa. Shamba zima isipokuwa kona ya mbuzi. Kule mahindi yalikuwa ya kijani kibichi, manene, yanakua kana kwamba kuna mtu anayavuta.

Mama Makaa alisimama katikati, akatazama huku, akatazama kule. Udongo ni uleule. Mbegu ni ileile. Pale alipotia makaa mazuri pameugua, pale alipotia takataka pamenona. Aliokota udongo wa huku akaunusa, akaokota wa kule akaunusa, akakaa chini. Akili yake ikakimbilia kwa wifi. Si alimwona akipita njia ya juu na ndoo? Lakini kama ni mkono wake, kwa nini ameiacha kona? Mtu mwenye roho mbaya huacha kona?

Hata hivyo akaenda uani.

"Wifi, umelifanya nini shamba langu?"

"Lako?" Wifi hakuinua hata kichwa.

"Mahindi yamekuwa manjano yote!"

"Kwa hiyo nimeyaroga? Dada, ningekuwa na uchawi ningeanza na haya magoti yangu yanayoniuma."

Akarudi amekasirika, na zaidi ya hasira, hajui amkasirikie nani. Mwisho akameza kiburi na kumwita bwana shamba. Yule kijana alipita mistarini, akachuma jani, akauliza:

"Makaa uliyalowesha na nini, mama?"

"Maji. Nitazimaje moto bila maji?"

"Hayo ni ya kuzimia. Nilisema siku ya pili, makaa mapya yana njaa. Lazima yalale kwanza kwenye samadi au mkojo wa mifugo, yashibe. Ukiyaingiza hivihivi, yanakula chakula cha mahindi."

"Makaa yanakula?"

"Kwa namna ya kusema."

"Yanakula au hayali?"

Bwana shamba akaanza kueleza vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyonyonya na kushika, na kadiri alivyoeleza ndivyo Mama Makaa alivyozidi kupotea. Alichokishika ni kimoja tu: mbuzi, kwa kukojoa, walifanya kazi aliyopaswa kuifanya yeye.

"Basi nayatoaje?"

"Hayatoki. Yakishaingia yameingia, yatakaa humo miaka na miaka. Loweka samadi kwenye maji, umwagie kila mstari. Uwahi."

Samadi ya mbuzi wake isingetosha hata robo ya shamba. Mwenye ng'ombe alikuwa mmoja.

Alizunguka na ndoo uani mara kadhaa kabla ya kupiga hodi. Wifi alikuwa akifagia zizi.

"Leo umekuja kuniroga wewe?"

"Nimekuja kuomba samadi."

Ufagio ukasimama. Mama Makaa alingoja tusi, akajiandaa nalo. Wifi akachukua koleo, akaijaza ndoo mwenyewe, akaishindilia.

"Lete na nyingine. Hiyo ni ya kuogeshea mtoto."

"Unanipa kwa nini, wifi?"

"Inanuka. Unanipunguzia kazi."

Hilo si jibu, na wote wawili walijua. Mama Makaa alibeba mpaka shingo ikakakamaa. Akaloweka, akakoroga, akamwaga mstari kwa mstari. Manjano ikarudi nyuma polepole, kijani ikapanda. Lakini mahindi yaliyokwisha dumaa hayakukimbia tena.

Baba mkubwa alikuja kukagua, wifi nyuma yake. Alipoingia kona ya mbuzi alimezwa, ikabaki ncha ya fimbo yake tu. Alipopita kwingine, mahindi yalimfika kiunoni, yana vibunzi vidogo. Akatoka akijikuna kichwa.

"Hili limesimama, hili limekaa. Sasa mimi niseme nini?" Akamgeukia dada wa mume. "Wewe unasemaje?"

Wifi aliinama kwa shida ya magoti yake, akachota udongo. Haukuwa tofali tena, ulikuwa mweusi na unaachia vidoleni. Akauminya, akaunusa.

"Mpe msimu mwingine," alisema.

Mama Makaa akashukuru, akapiga goti inavyostahili. Alipoinuka akaona wifi hakuutupa ule udongo. Ameukunja kwenye pindo la nguo, anaondoka nao.

"Wifi!" akamwita. "Msimu mwingine, halafu?"

"Halafu tutaona," wifi akajibu bila kugeuka, akaingia kwake.

Jioni Mama Makaa alichukua kapu la makaa mapya akaenda zizini, akasimama mlangoni nalo. Yakishaingia hayatoki. Anamnoneshea nani udongo huu, nafsi yake au wenyewe? Wifi amemhurumia, au anamlimisha kwa faida yake? Alipindua maneno ya wifi huku na huku, yasioneshe upande wa ndani.

Mbuzi walikuwa wamesimama kwenye maji, wanamtazama. Akayamwaga makaa miguuni pao.