Magauni ya Komunyo kwenye Uwanja wa Garage

Wenzangu mliokulia Kasenga siku zile za vita, nani kati yenu amesahau uwanja wa garage? Fundi wake alikimbilia ng'ambo ya ziwa milio ya kwanza ilipoanza. Wanajeshi wakaegesha malori yao pale, wakamwaga mafuta machafu, wakapasua betri, kisha nao wakaenda zao. Wakatuachia udongo mweusi unaonuka, ambao hata magugu yaliukataa. Ukiukanyaga, kandambili inabaki chini na mguu unaendelea na safari.

Na hatukuwa na pahali pengine pa kucheza. Ziwani tulikatazwa, barabarani tulikatazwa. Tulifungiwa nyuani siku nzima, tukinusa ndagala za jirani zikikaangwa kwa mawese, tukicheza nzango, ule mchezo wa wasichana wa kuruka na kurusha mguu, pahali padogo hata tukawa tunapigana mateke badala ya kurushiana miguu. Mama zetu walitaka pahali wanapoweza kutuona wakiwa milangoni mwao, na garage ilikuwa katikati ya nyumba zote. Lakini chefu wa avenyu yetu, yaani mkuu wa mtaa, mzee asiyevua kofia hata akila, alikuwa amesema wazi: "Ile fasi iko na sumu. Heri niirudishie benye malori." Malori yakirudi, risasi nazo zingeyafuata. Kila mtu alilijua hilo.

Mama yangu akamwambia, "Chefu, utupatie siku ya salongo. Tutaisafisha siye benyewe."

Salongo ni ile kazi ya mtaa mzima ya Jumamosi asubuhi. Nawaeleza vijana wa leo, ambao wangengoja kwanza gari jeupe la shirika na kibao cha rangi nne ndipo waokote jiwe. Sisi tulishika majembe na mabeseni. Kulikuwa na shimo refu ambamo fundi alikuwa akisimama chini ya magari. Wanawake wakakwangua udongo mweusi wote, wakaushindilia humo, wakaufunika kwa udongo wa mfinyanzi na mawe. Mtu alipopendekeza utupwe ziwani, Mama alimkata: "Hapana. Ile maji tunakunywa." Kisha tukaenda kwenye mteremko wa mlima, mama mmoja mbele, mwingine nyuma, tukashuka na udongo mpya, mwekundu, kichwani, tukiimba nyimbo za kanisani kwa maneno ambayo padri asingeyapenda. Jioni tulikula bugali kama watu waliotoka kulima shamba zima. Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena.

Chefu alikuja, akazunguka, akasema, "Nitajua aje kama mafuta imeisha?"

Mama yangu hakupenda kushindwa kwa maneno. "Batoto ba komunyo bataikala pale na robe yabo nyeupe. Kama banatoka na doa ya mafuta, patia benye malori."

Magauni meupe, tena mengine ya kuazima, siku chache kabla ya komunyo ya kwanza! Tukapangwa mstari, tukakaa. Chefu akatuamuru tujisugue chini, na sisi tukajisugua kwa moyo wote. Akasema, "Musimame. Mugeuke."

Tukageuka. Wote tulikuwa wekundu nyuma, kutoka kiunoni hadi pindoni. Mama zetu walikuwa wamewaza sumu, shimo na mawe, lakini kwamba udongo mwekundu unachafua nguo nyeupe, hakuna aliyekumbuka. Jirani yetu Mama Zawadi alishika kichwa, maana gauni la binti yake liliazimwa mtaa wa Songo. Chefu akakunja uso. Nikajua malori yanarudi, nikaanza kulia.

Mama aliingia ndani. Alileta beseni la maji na sabuni, akanivua gauni mbele ya watu nikabaki na shimizi, akalisugua. Maji yakawa mekundu. Akalisukuma beseni mbele ya chefu. "Angalia muzuri. Mafuta iko wapi?"

Chefu akachovya kidole, akanusa. Akautazama ule mstari wa makalio mekundu uliobaki, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Mucheze," akasema. "Miye simo tena mu mambo ya malori."

Hatukungoja gauni likauke. Tulicheza hadi mama zetu wakachoka kutuita, na Jumapili tulipokea komunyo tukiwa na rangi ya waridi kwa nyuma, padri akimeza kicheko.

Juzi nilipita pale. Malori hayakurudi kamwe. Watoto wachache walikuwa wakikimbizana, na wakubwa wao wamejiegemeza ukutani, wameinamia simu kama wanachambua maharage. Siku zetu, mtoto akianguka pale, kila mlango ulikuwa na mama, na wote walisimama. Wengi wao hatunao tena, na ninawakumbuka. Msichana mmoja akajikwaa, akaanguka, akainua uso akitafuta wa kumlilia. Nikatazama milangoni: imefungwa, watu wako kazini. Nikangoja mtu mzima ajitokeze, mpaka nikaelewa kwamba mtu mzima ni mimi.